Bipu ya Tatu

Watu wa ukoo wa mume wangu ni wa Ushirombo, wapole, wa kanisani, hawapazi sauti hata wakifiwa. Mimi ni Msukuma wa Tinde, na mdomo wangu haujawahi kunyamaza kwa hiari yake. Kwa hiyo siku mama mkwe wangu, Bibi Serafina, alipoingia kibandani kwangu Ngokolo, Shinyanga, na kifurushi kichwani, akaketi kwenye benchi la wateja bila kuomba hata maji, nilijua ana jambo, na nilijua litaniangukia mimi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Elieth. Endelea, usiache kazi ya watu."

Sikuendelea. Nilizima mota ya cherehani nikageuka kumtazama.

"Nimekuletea nguo za mwenzio," akasema.

Mwenzangu, yaani mume wangu Telesphori, alikuwa ardhini mwaka mmoja na miezi saba. Sisemi alizikwa, maana hatukumzika. Duara, yaani shimo walimokuwa wakichimba dhahabu, porini huko Geita, liliporomoka saa tisa mchana. Waliofukua walitoa miili ya wenzake wawili, siku ya nne wakakutana na maji, wakaacha. Tulikaa matanga bila maiti. Watu wakaja, wakala, wakatawanyika, na tangu hapo mama mkwe hajawahi kufunga mlango wake kwa komeo.

Sasa alikuwa amechoka kusubiri. Katika ukoo wao, mtu aliyepotelea majini au ardhini huzikwa kwa nguo zake. Hata Wasumbwa wenzao huwacheka kwa utaratibu huu, lakini wao wanaushika. Mjane huziunganisha nguo za marehemu ziwe shuka moja zito, lenye blanketi katikati, kisha hulishona lote kwa uzi mmoja unaotembea nguo hadi nguo bila kukatika. Shuka linaingia kaburini, lakini uzi haujakatwa bado: ncha yake moja iko chini, na gurudumu lake, lile linalozungushiwa uzi, liko mkononi mwa mjane. Hapo mama wa marehemu hupiga magoti na kuukata kwa meno. Akiukata, marehemu amelala na mjane yuko huru.

"Na kama uzi umekatika wakati wa kushona?" nikauliza.

"Unafumua lote, unaanza upya."

"Na kama mama hataki kuukata?"

Bibi Serafina alinitazama kidogo. "Basi mmoja anabaki anatafuta na mwingine anabaki anatafutwa. Bibi yangu aliwahi kukataa. Yule mjane alizeeka hajapata usingizi wa siku moja."

Nilitaka kumwambia kwamba sisi ni watu tuliobatizwa. Lakini huyu alikuwa amebeba nguo za mwanawe kutoka Ushirombo, na kwenye basi alikataa kuziweka kwenye buti la mizigo. Nikameza maneno, jambo ambalo kwangu ni kama kumeza mwiba wa samaki. Nikamwambia tu kwamba cherehani ina nyuzi mbili, wa juu na wa chini, na ule wa chini uko kwenye bobini ndogo inayoisha upesi, lazima nibadilishe njiani.

"Wa chini ni wake," akasema. "Mambo ya chini sisi hatuyawezi. Wewe linda wa juu."

Misa ilikuwa imepangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa na siku kumi na mbili. Akanywa maji sasa, akaomba apelekwe stendi.

* * *

Kuna jambo nilikuwa sijawaambia watu wa Ushirombo, na nitalisema hapa mapema, kwa kuwa ndilo lililonitesa.

Mimi na Telesphori tulikuwa na utaratibu wetu wa simu. Kabla ya kushuka duarani ananibipu mara moja, yaani simu inaita na kukata, maana yake naingia. Akitoka ananibipu mara mbili, maana yake nimetoka salama. Chini hakuna mtandao, na salio kwake lilikuwa adimu kama mvua ya Agosti, kwa hiyo miaka sita tuliishi kwa bipu. Moja, moyo unapanda. Mbili, moyo unashuka. Nikisikia mbili ndipo naweka sufuria jikoni, hata kama yeye yuko Geita na hatakula chakula hicho.

Siku ile nilikuwa na nguo kumi na mbili za wasindikizaji wa bibi harusi, na harusi kesho yake. Pedali nilikuwa nimeikandamiza hadi mwisho, mota inanguruma. Simu ikaita mezani, ikakata. Moja. Nikasema haya, Mungu amtangulie. Ikaita tena, ikakata. Mbili. Nikashangaa, mtu ameingia na kutoka kabla sijamaliza mkono mmoja wa gauni? Ikaita tena. Tatu. Sisi hatukuwa na tatu. Nikaona ananichezea, na mimi nikiwa na haraka huwa sina utu. Nikasema kwa sauti, "Huyu naye, kama hana kazi aje anishikie pasi!" Nikaigeuza simu kifudifudi nikaendelea kukanyaga.

Matangani mama mkwe aliniuliza kama mwanawe aliniaga. Nikamwambia alinibipu mara moja, kama kawaida. Sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani ile ya tatu ilikuwa imeshaanza kunikera rohoni hata kabla sijajua maana yake.

Maana yake aliniletea Chacha, Mkurya aliyekuwa anaendesha winchi ya kushusha na kuvuta watu pale duarani. Alikuja Ngokolo wiki tatu baada ya matanga na mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na shati la samawati la Telesphori, na simu yake ikiwa mfukoni.

"Shemeji," akasema, "siku ile matimba yalikuwa yanalia. Zile nguzo zinazoshika kuta za duara, zikianza kulia mtu mzima unaelewa. Mzee wako aliogopa. Akasema, ngoja nimbipu Mama Elieth mara tatu, atashtuka, atapiga. Nikisikia sauti yake ikiniambia usiingie, sinyanyui mguu, wanicheke watakavyo. Akasimama mdomoni mwa duara, simu mkononi. Nilivuta sigara ikaisha. Msimamizi akaanza kutukana. Basi akavua shati, akaniachia, akashuka."

Sikulia mbele ya Chacha. Nilimpa soda, nikamshukuru kwa kusafiri. Alipoondoka nilifunga kibanda mchana kweupe, nikakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, na nililia hadi nikatapika. Shati nililipeleka Ushirombo bila maelezo. Sasa lilikuwa limerudi kwangu ndani ya kifurushi, limefuliwa, limekunjwa vizuri, na mfuko wake umefungwa kifungo.

* * *

Shuka la namna ile halishonwi kama suruali. Unatandika kitenge chini, juu yake blanketi, juu ya blanketi unapanga nguo zilizofumuliwa, halafu unazishika zote kwa mshono unaozungukazunguka, unaokwenda popote. Mafundi wa kudarizi wanaujua. Unayashusha yale meno ya cherehani yanayovuta kitambaa, na kuanzia hapo kitambaa hakiendi chenyewe. Sindano inapanda na kushuka palepale, na wewe unasukuma kitambaa kwa viganja, mbele, nyuma, pembeni. Ni sawa na kuandika kwa kalamu iliyosimama, karatasi ndiyo inayotembea.

Ugumu wake ni mwendo. Mguu ukikimbia na mikono ikachelewa, nyuzi zinalundikana mahali pamoja, uzi unakatika. Mikono ikikimbia na mguu ukachelewa, sindano inavutwa, inapinda, uzi unakatika vilevile. Lazima mguu na mikono vipatane kama mke na mume wanaobeba kabati. Nami nilikuwa nimeshona miaka kumi na tisa kwa mwendo mmoja tu, wa kukimbia. Ngokolo nzima ilinijua hivyo: ukitaka nguo ya leo kwa leo, nenda kwa Mama Elieth.

Nilianza Jumatano asubuhi. Nikapita suruali ya kaki, nikapita sweta, nikapita shati la kwaya. Saa saba nikaingia kwenye lile la samawati, nikaukaribia mfuko. Mguu wangu haukubadilika, naapa. Mota ikaruka. Sindano ikapiga ta, ta, ta, mara tatu za haraka mahali pamoja, na uzi ukakatika.

Nilitukana. Nilitukana cherehani, aliyeitengeneza, aliyeniuzia na bandari iliyopitia. Kisha nikachukua wembe nikaanza kufumua. Kazi ya saa tano, kufumua kwake ni siku mbili.

Jumamosi nikamwita Boaz, fundi wa cherehani pale sokoni, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa waya.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Leo umemuua nani?"

"Fungua hiyo mota uache maneno. Inaruka yenyewe."

Akaifungua. Akapuliza vumbi, akatazama makaa ya mota, vile vijiti vinavyopitisha umeme, akakanyaga pedali polepole huku amefumba macho anasikiliza. Akafunga.

"Mota ni nzima kuliko sisi wawili. Mbovu ni mguu. Mama Elieth, wewe unashona kama unakimbiza mwizi. Kwa sare za shule sawa. Kwa kazi hii, hapana."

"Nakwambia sikukanyaga!"

"Wote wanasema hivyo." Akatazama chini, akaona kandambili zangu kuukuu karibu na mlango. Akachukua moja, akakata kipande cha kisigino kwa kisu chake, akakibana chini ya pedali. "Sasa hata ukikasirika haiwezi kushuka zaidi ya hapa. Mguu uwe mmoja tu, usahau kama unao. Iache mikono ndiyo iongee. Na uimbe kitu cha polepole, mkono unafuata wimbo."

Nikamwambia kandambili ile nilikuwa bado naivaa. Akasema basi nitafute mtu mwenye mguu mmoja nimpe ile iliyobaki, akacheka peke yake, akaondoka na bisibisi zake.

Jumatatu nikaanza upya. Ni kweli, kwa kile kipande cha kandambili cherehani ilipata adabu. Sindano ilikwenda tik, tik, tik, ninaihesabu, na mikono yangu ikaanza kujifunza. Niliimba nyimbo za kanisani za Kwaresima, maana ndizo za polepole ninazozijua. Mara ya kwanza katika maisha yangu niliona hatua za sindano zinatoka sawasawa kama punje za mtama kwenye suke. Nilifurahi, nakiri. Nilisahau hata ninachoshona.

Nikaufikia mfuko saa nane mchana. Jua la Shinyanga lilikuwa limelala juu ya bati, redio ya jirani inatangaza bei ya pamba, feni inazunguka. Nikapunguza mwendo. Nikashika pumzi.

Umeme ukakatika.

Redio ikanyamaza. Feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama. Ile taa ndogo ya cherehani ikazimika. Nilishusha pumzi nikaondoa mguu kwenye pedali kabisa, nikauweka sakafuni, unyayo mtupu kwenye saruji. Naikumbuka hadi leo saruji ile ilivyokuwa ya moto. Nikasema moyoni, afadhali, nitapumzika, umeme ukirudi nitaendelea.

Sindano ikashuka, ikapanda. Ikashuka, ikapanda. Ikashuka, ikapanda.

Kisha uzi ukakatika, taratibu, nikiuona. Ulijifumua kwanza nyuzinyuzi, halafu ukaachana.

Niliogopa. Sitaficha. Nilitoka nje nikasimama juani bila viatu, na mwanamke anayeuza viazi vitamu mbele ya kibanda changu, Dorah, akaniuliza kama niko mzima. Nikamwambia joto. Akasema ndiyo, leo joto limezidi. Alikuwa anamenya viazi, na nilitazama kisu chake kikienda na kurudi mpaka alipomaliza beseni zima.

Niliporudi ndani nilikwenda moja kwa moja kwenye mfuko ule. Matundu yalikuwa pale, yale matatu ya leo. Na kando yake, juu kidogo, niliyaona yale matatu ya Jumatano ambayo nilidhani yamefutika nilipofumua. Matundu sita kwenye kitambaa cha samawati, mafungu mawili ya matatu matatu, mahali ambapo simu yake ilikuwa inakaa.

Umeme ulirudi saa kumi na moja. Sikuigusa cherehani.

* * *

Nilifumua Jumanne nzima na Jumatano nzima. Alhamisi asubuhi nilikuwa na siku moja tu, kwa sababu Ijumaa lazima nipande basi la Kahama kwenda Ushirombo. Niliwaza njia zote za mwizi. Ningeweza kuuzunguka mfuko nisiuguse. Ningeweza kuunga uzi kwa fundo dogo chini ya kola, na mama mkwe kwa macho yale asingeliona. Mtu mwenye mdomo kama wangu watu hudhani hawezi kuficha kitu. Wanakosea. Mdomo mwingi ndio maficho mazuri kuliko yote.

Lakini nilijua kwamba kaburini angeingia fundo, na mimi ningebaki na gurudumu la uzi mkononi maisha yangu yote, nikisikia tatu.

Nikaanza. Suruali ya kaki. Sweta. Shati la kwaya. Sikuimba safari hii. Nilipofika shubiri moja kutoka mfukoni nikaondoa mguu, nikaiacha sindano imezama kitambaani, nikakaa.

"Telesphori," nikasema, "nimesikia."

Nje Dorah alikuwa anabishana na mteja.

"Siku ile pia nilisikia. Zote tatu. Sikupiga kwa sababu nilikuwa na haraka."

Halafu niliuchomoa waya wa umeme ukutani. Nikashika gurudumu la pembeni la cherehani kwa mkono wa kulia, kitambaa kwa mkono wa kushoto, nikageuza. Hatua moja. Nikasukuma kitambaa unywele mmoja. Hatua ya pili. Hakuna mwendo wa polepole kuliko ule, na hakuna fundi anayeshona hivyo, mtoto tu anayejifunza. Mstari wangu ukapanda juu ya mfuko, ukapinda, na mimi nikauacha upinde, kwa kuwa sasa nilijua unakotaka kwenda. Niliandika kwa uzi mweupe, kwa mwandiko wa kuunganisha tuliofundishwa darasa la pili, neno moja kutoka ukingo hadi ukingo wa mfuko. Usiingie.

Ilichukua saa mbili na nusu. Mkono ulinifia ganzi hadi begani. Nilipoweka nukta ya mwisho juu ya herufi, nikirudi kwa njia ileile bila kuinua sindano, nilisubiri. Gurudumu la cherehani likajivuta kidogo chini ya kiganja changu, kama mbuzi anayejaribu kamba. Sikulizuia kwa nguvu wala sikuliachia. Nikaendelea kugeuza kwa mwendo wangu. Likatii.

Nikauchomeka waya tena na kumalizia mikono ya shati na pindo zote kwa kandambili ya Boaz. Jioni nililegeza skrubu, nikaitoa sindano ikiwa bado ina uzi wake, nikauchomoa uzi kwenye matundu yote ya cherehani hadi kwenye gurudumu lake. Haukukatika. Sindano nikaichomeka kwenye ukosi wa gauni langu, na nilisafiri vile, shuka mapajani na uzi mkononi, hadi Ushirombo.

* * *

Jumamosi baada ya misa, kabla ya kwenda kaburini, mama mkwe aliniita chumbani kwake na kufunga mlango. Elieth, binti yangu, alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni, tulimwacha nje na shangazi zake. Shuka lilitandikwa juu ya mkeka. Ni kazi ya mama kulikagua.

Bibi Serafina hajui kusoma, wala macho yake hayaoni vizuri tena. Alipiga magoti, akatafuta mwanzo wa uzi kwenye suruali ya kaki, akaweka kidole, akaanza kuufuata. Alikwenda polepole kuliko mimi. Alipita kwenye goti la suruali, akatabasamu, sijui alikumbuka nini. Alipita kwenye sweta. Alipita kwenye shati la kwaya. Alipofika kwenye lile la samawati kidole chake kikapanda mfukoni, kikazunguka, kikashuka, kikapanda, kikasimama.

"Hapa umepinda sana," akasema. "Umechora nini?"

Tulikuwa wawili tu. Ningesema ni jina lake. Ningesema ni ua. Angeamini, angenishukuru, angeukata uzi, na mchana ule ningekuwa huru.

"Nimeandika neno, mama."

"Neno gani?"

"Usiingie."

Kidole kilibaki palepale. "Ulimwambia lini?"

"Sikumwambia."

Kisha nikamweleza yote. Bipu, moja na mbili na tatu. Nguo za harusi, simu kifudifudi. Chacha na sigara iliyokwisha. Nilizungumza kwa sauti ndogo, nami sijazoea sauti ndogo. Nilimaliza nikatazama mkeka.

"Matangani ulisema mara moja," akasema.

"Nilidanganya, mama."

Alimaliza kuufuata uzi. Hakuruka hata hatua moja, hadi pindo la mwisho. Alipohakikisha ni mzima alilikunja shuka, akasimama kwa kushika ukuta, akatoka nje bila kunitazama.

Tulitembea hadi shambani bila yeye kunisemesha. Mimi nyuma yake, gurudumu la uzi mkononi, uzi unaning'inia kati yangu na shuka aliloliweka kifuani. Watu waliimba. Nilijua kwamba hataukata. Kwa haki ningekuwa mimi, nisingeukata. Nilijiona nazeeka Ngokolo na gurudumu lile kwenye kabati, nikiamka kila siku kukagua kama limesogea, na sikuwa na hasira na mtu yeyote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukosa hasira.

Waliliteremsha shuka, mfuko ukiwa juu. Wanaume wakatupa udongo kwa majembe, kwa uangalifu, upande mmoja, mpaka kukawa na kichuguu na uzi mweupe unatoka katikati yake kuja mkononi mwangu. Nyimbo zikaisha. Bibi Serafina akapiga magoti. Akaushika uzi kwa vidole viwili, karibu kabisa na udongo. Hakuupeleka mdomoni.

"Mara tatu?" akaniuliza, mbele ya wote.

"Mara tatu, mama."

Akauvuta kidogo. Akaacha. Akauvuta. Akaacha. Akauvuta. Kwa upole sana, uzi wa cherehani si kamba ya winchi. Kisha akainama, paji la uso karibu liguse udongo, na akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ukoo ule, sauti ya kumwita mtu aliye mbali:

"Telesphori! Mkeo anasema usiingie!"

Tulisubiri, kwa muda wa sigara moja labda, mimi sivuti, sijui vizuri. Elieth alinishika gauni. Upepo haukuwepo, na mkono wangu ulikuwa umetulia, kwa kuwa wiki ile nilikuwa nimejifunza kuutuliza.

Gurudumu la uzi likazunguka kiganjani mwangu, mzunguko mmoja. Likatulia. Likazunguka tena.

Nikangojea wa tatu. Haukuja.

"Ngapi?" akauliza mama mkwe, bado ameinama.

"Mbili," nikasema.

Akaufuta uzi udongo kwa kidole gumba, akauweka kati ya meno yake, akaukata.